Ofa tatu mezani: kampuni ya utafiti, benki au NGO, wapi mshahara unapanda kweli?

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja ambaye tumezunguka naye sana fildi, Mbeya, Songwe, huko kote, kanipigia saa nne usiku sauti ya mtu aliyechanganyikiwa kwa raha. Kapata ofa mbili kwa mpigo, na bosi wake wa sasa aliposikia anataka kuondoka naye kaongeza dau, zikawa tatu. Miaka mitatu kakaa kwenye 1,200,000 hajaongezewa hata mia, halafu ndani ya siku tisa kila mtu anamtaka. "Kaka nichukue ipi?" Nikamwambia tulia, fungua Excel, maana sisi watu wa utafiti wa soko tunajua kuchambua sabuni na bia za wenzetu mpaka usiku wa manane ila mishahara yetu wenyewe tunaichambua kwa hisia tu.

Ofa zenyewe ni hizi. Kampuni ya utafiti aliyopo sasa wanampandisha kwenda 1,400,000. Benki moja, kitengo cha masoko, wanataka mtu wa kusimamia tafiti za wateja, 1,500,000 na bima ya familia na bonasi ya mwisho wa mwaka. Ya tatu ni NGO, mradi wa tathmini, 2,200,000 mkataba wa miezi 12. Wote hapa Dar. Ukiangalia namba tu unasema NGO, na yeye alishaanza kusema NGO.

Kabla ya kwenda mbali, slipu ya mshahara. Huyu ana deni la Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa chuo, na hapo ndipo watu wengi tunajidanganya. NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) 10%, PAYE, kodi ya mshahara, ukishavuka 1,000,000 kila shilingi ya juu inakatwa 30% (baada ya kutoa NSSF), na Bodi ya Mikopo wanachukua 15% ya mshahara wa msingi. Kwenye 1,200,000 ya sasa anabaki na 748,000 mkononi. Akipandishwa 1,400,000 anabaki na 844,000. Yaani ile laki mbili ambayo bosi kaitangaza kama vile kampa kiwanja, inayofika mkononi ni 96,000. Haifiki hata nusu. Alivyoona hiyo namba alinyamaza kidogo nikadhani simu imekata.

Benki kwa hesabu hiyohiyo ni 892,000, NGO 1,228,000. Asiye na mkopo wa Bodi picha yake ni nzuri zaidi, laki mbili ya nyongeza inamfikia kama 126,000, lakini hata yeye asipige hesabu za gari kwa kuangalia grosi, ule mshahara kabla ya makato.

Kuna kamchezo hapa ambako HR wengine watakwambia na wengine hawatakwambia. Nyongeza ikiingia kama posho (usafiri, mawasiliano, nyumba) badala ya kuingia kwenye mshahara wa msingi, PAYE iko palepale haikwepeki, lakini ile 15% ya Bodi haiongezeki. Laki mbili ileile ikiwekwa kama posho anabaki na 874,000 badala ya 844,000, tofauti 30,000 kwa mwezi, 360,000 kwa mwaka, si haba. Na kwa sababu ile asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo iliondolewa 2021, kulipa deni taratibu hakukuumizi kama zamani. Ila usikimbilie. Ovataimu kisheria ni mara moja na nusu ya mshahara wa msingi, na kiinua mgongo ukiachishwa ni siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliomaliza, mwisho miaka 10. Msingi ukibaki mdogo na hivyo vyote vinabaki vidogo. Mimi mtu akiwa na deni kubwa la Bodi na hana mpango wa kukaa pale zaidi ya miaka miwili mitatu namwambia achukue posho, akiwa anaona yupo mpaka azeekee pale basi apiganie msingi.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho nilitaka akione, na ndicho ningetamani mtu angenionyesha mimi mwaka wangu wa kwanza. Usilinganishe mishahara ya kuanzia peke yake, linganisha hela ya nyongeza inatoka mfuko gani na mfuko huo unafungwa lini. Sehemu hizi tatu zinatofautiana hapo kama mbingu na ardhi, na mtu anaweza kuwa mchapakazi kweli akaomba nyongeza mwezi ambao hata bosi akitaka kumpa hana pa kuitoa.

Kampuni ya utafiti

Hapa hela inatoka kwenye projekti. Klaienti kalipa, unatoa gharama za fildi, posho za vijana, magari, tableti, vibali, kinachobaki ndio kampuni inakula na ndio mshahara wako. Kwa hiyo nyongeza yako ina ndugu wawili tu, kuleta kazi au kupunguza hasara. Hakuna ndugu wa tatu anayeitwa "nimekaa muda mrefu".

Uzuri wake ni shule. Ndani ya miaka miwili umefanya bia, simu, dawa ya meno, benki, siasa kidogo, umeandika dodoso, umeliprogramu kwenye SurveyCTO (programu ya kukusanyia data kwa tableti), umeendesha majadiliano ya vikundi Kariakoo asubuhi na Masaki jioni na ukagundua kwamba watu wa Masaki ndio hawasemi kitu. Huo mchanganyiko huupati benki wala NGO. Pia vyeo vinapanda haraka, mtu anatoka mtafiti msaidizi mpaka meneja wa projekti kwa miaka minne, ingawa wakati mwingine wanakupa cheo ili wasikupe hela, hilo nalo tulijue.

Ubaya ni usiku. Klaienti anataka slaidi Jumatatu, data imemaliza kusafishwa Ijumaa. Sheria inasema masaa 45 kwa wiki na ovataimu isizidi masaa 50 kwa wiki nne, sasa muulize mtu yeyote wa uchambuzi kama amewahi kulipwa ovataimu, na ukishaitwa meneja ndio basi kabisa maana hicho kipengele cha masaa hakiwahusu mameneja. Halafu kampuni hizi zinanunuana. Wazee wa kazi wa Nairobi wamebadilisha kadi za biashara mara tatu wakiwa kwenye kiti kilekile, Steadman ikawa Synovate, Ipsos ikainunua Synovate 2011. Kila ikinunuliwa gredi zinapangwa upya na ahadi ya mdomo uliyopewa na bosi wa zamani inaondoka na bosi wa zamani. Ahadi ya nyongeza iombe kwenye barua pepe, hata mistari miwili.

Jambo jingine la hapa ni pediemu, posho ya kila siku ukiwa fildi. Ukiwa fildi wiki tatu unajiona tajiri, unarudi mjini na hela kuliko mshahara, na mwajiri anajua hilo ndio maana haoni haraka ya kukuongezea. Pediemu si mshahara. Ukienda benki kuomba mkopo wanaangalia slipu, na ukiumwa mwezi mzima hakuna pediemu ya kitandani.

Lini uombe? Siku chache baada ya dili kubwa kusainiwa au traka ya mwaka (utafiti unaorudiwarudiwa) kurenyuliwa, hasa kama klaienti kakutaja kwa jina kwenye barua pepe. Kipindi kibaya ni katikati ya projekti iliyopitiliza bajeti, hata kama kosa si lako.

Benki, simu, bia: upande wa mteja

Huku wewe ndio klaienti. Unaandika maelezo ya kazi, kampuni za utafiti zinaleta bei, unachagua, unabishana nao, halafu unaipeleka insaiti kwa wakubwa wa masoko ambao nusu yao walishaamua kabla hujafungua slaidi ya kwanza. Kazi ni ya siasa zaidi kuliko takwimu na hilo lisikushangaze.

Mshahara huku una gredi, na gredi ina chini na juu. Ukiingia karibu na juu ya gredi hata ufanye miujiza utaongezewa kidogo kidogo mpaka upandishwe cheo. Kwa hiyo mtu wa upande wa mteja swali lake la kwanza kwenye usaili liwe "nafasi hii ni gredi gani na mimi nakaa wapi ndani yake?" HR makini watakujibu. Bora uingie na cheo kidogo pungufu chini ya gredi ndefu kuliko cheo kitamu kwenye gredi iliyokwisha, hapo najua wengi watanibishia ila nimekaa kwenye gredi iliyokwisha na najua joto lake: tathmini ya mwaka bora kabisa idarani, nyongeza ilitosha mafuta ya wiki.

Bajeti inafungwa mapema kuliko watu wanavyodhani. Benki zetu kubwa kama CRDB na NMB mwaka wao wa hesabu unaisha Desemba, Vodacom unaisha Machi, Serengeti Breweries wanafuata Juni. Mishahara ya mwaka ujao inajadiliwa miezi mitatu minne kabla ya hapo. Ukisubiri kikao cha tathmini cha Januari ndio ulie shida zako umechelewa, hela ilishagawanywa Oktoba, bosi anakutikisia kichwa kwa huruma tu. Mtu wa benki anaanza kupika mwezi wa sita.

Na usidharau bima. Kama una mke, watoto wawili na mama mzazi anayehudhuria kliniki ya presha, bima ya familia inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti yote ya mishahara tuliyoipiga juu. Mdogo wangu ana mtoto mmoja mwenye pumu. Tukaweka mstari kwenye Excel, alichotumia hospitali mwaka jana, gawa kwa 12, ongeza upande wa benki. Picha ikaanza kubadilika.

NGO na miradi ya wafadhili

1,228,000 mkononi ni tamu, sikatai. Lakini mkataba ni miezi 12, zikiisha zimeisha. Tupige hesabu ya kijiweni: kwa mwaka anapata 14,736,000. Mradi ukiisha akakaa nyumbani miezi minne akitafuta, gawa hiyo hela kwa miezi 16, unapata 921,000 kwa mwezi, yaani anaizidi benki kwa 29,000 tu na bado hatujaweka bima wala bonasi. Akikaa miezi mitano ni kama 867,000, benki wameshampita. Kwa hiyo swali la ofa ya NGO linakuwa moja tu, una uhakika gani wa kupata kazi ndani ya miezi minne?

Zamani ningesema miezi minne ni mingi, mradi ukiisha unaingia mwingine. Siku hizi nasita. Mwanzoni mwa 2025 Marekani walivyosimamisha misaada, programu ya DHS, zile tafiti kubwa za afya na idadi ya watu ambazo USAID walikuwa wanazilipia tangu 1984, nayo ilikatwa, na Julai mwaka huohuo USAID yenyewe ikafungwa. Watu wenye miaka kumi ya uzoefu, Stata, programu ya takwimu, wanaiota usingizini, wakarudi sokoni siku moja wote. Hao ndio unaoshindana nao mkataba wako ukiisha.

Nyongeza ya NGO haiombwi kazini, inaombwa kwenye andiko la kumwomba mfadhili hela. Mfadhili akishasaini, mstari wako wa mshahara umeshagandishwa, mkurugenzi hata akikupenda vipi hawezi kuusogeza bila kuandikiana barua na watu wa Washington au London. Hela yako ya mwaka kesho inapangwa siku mtu anaandika bajeti ya mradi mpya, asilimia ngapi ya muda wako na kwa kiwango gani. Jitolee kuandika sehemu ya mbinu za utafiti kwenye andiko, kaa karibu na mtu wa bajeti. Aliyekuwepo kwenye chumba hicho hasahauliwi, asiyekuwepo anawekewa kiwango cha mradi uliopita.

Kujitegemea nitapita haraka maana si kati ya ofa zake. Siku 10 kwa 150,000 ni 1,500,000, wanakata 5% ya kodi ya zuio unabaki na 1,425,000, inapendeza, ila NSSF unajilipia, bima unajilipia, ritani ya kodi inakusubiri, na malipo yanakuja siku 60 au 90 baada ya ankara huku mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Ukiwa na akiba, nenda.

Na wale wanaoitwa Nairobi, mameneja wengi wa kanda wanakaa kule na namba zinavutia, ila kule nako PAYE inafika 30% mapema sana, ukivuka 32,333 tu za kwao, kuna SHIF, bima yao ya afya, 2.75% na tozo ya nyumba 1.5% juu yake. Linganisha cha mkononi kwa cha mkononi, na uulize kibali cha kazi nani analipia.

Kujiandaa: daftari kwanza

Popote utakapoenda, daftari. Mimi sikuwa nalo miaka minne na nilijuta. Niliingia kuomba nyongeza nikaanza kusema maisha yamepanda, kodi, ada, bosi akanisikiliza vizuri kabisa akaniambia "hata mimi, mdogo wangu". Kikao kikaisha. Maisha yamepanda kwa wote, hiyo si hoja, ni salamu.

Daftari linaandikwa kila projekti inapoisha, wakati namba bado mbichi. Sampo ngapi, bajeti ya fildi ilikuwa ngapi ikatumika ngapi, mahojiano mangapi yalikataliwa kwenye simu za uhakiki, siku ngapi tulichelewa au kuwahi, klaienti alirudi au hakurudi. Mfano wa huyu mdogo wangu: kwenye sampo ya 1,200 timu za nyuma zilikuwa zinakataliwa 9% ya mahojiano, yeye alipoanza kukagua GPS na kusikiliza rekodi kila jioni ikashuka mpaka 3%. Asilimia 6 ya 1,200 ni mahojiano 72 ambayo hayakurudiwa. Kama hojaji moja inaigharimu kampuni 25,000 kwa posho na usafiri, hapo kaokoa 1,800,000 kwenye projekti moja. Anafanya projekti nane kwa mwaka. Sasa linganisha na laki mbili kwa mwezi anayoiomba. Hiyo ndiyo sentensi ya kumwambia bosi, na alikuwa nayo kichwani muda wote hakuijua kama ni hela.

Kuna ujuzi ambao haumo kwenye sivii zetu na una thamani kubwa, vibali. Kujua barua inaanzia wapi, COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) inahusika lini, mkoani unamuona nani, kwa mtendaji wa kata unaingiaje na kwa mwenyekiti wa mtaa unasalimiaje mpaka akupe mtu wa kuzunguka nawe. Timu isiyojua hayo inalala gesti siku tatu inakula pediemu bure. Andika, "nilifungua wilaya saba bila siku hata moja ya kusubiri". Wale mliokuwa makarani au wasimamizi wa Sensa ya 2022 na tableti zenu msiandike tu "nilishiriki sensa", andikeni eneo, kaya ngapi, na mlivyotatua tableti zilipogoma.

Halafu ujuzi wa kununua nyongeza. Kwenye kampuni ya utafiti mtu anayeandika ripoti nzuri ya Kiswahili na Kiingereza analipwa kuliko anayejua programu tatu, maana programu inafundishika kwa mwezi. Benki wanataka mtu wa Power BI (programu ya ripoti za chati) na anayeweza kuongea na mkurugenzi dakika tano bila kutaja neno "regresheni". NGO ni Stata au R na mbinu za tathmini. Usisomee vyote. Chagua upande kwanza.

Kwenye kikao chenyewe usimvizie bosi koridoni. Ombeni muda: "Bosi shikamoo, naomba dakika ishirini wiki ijayo tuongee kuhusu majukumu yangu na malipo yangu." Ajue mada mapema ili na yeye aende kuuliza kwa mtu wa fedha. Ukifika taja namba yako, moja, si "chochote utakachoona kinafaa", halafu nyamaza. Kunyamaza ndio kugumu, sisi tumelelewa tukiona kimya tunajaza, tunajikuta tumejishusha wenyewe. Akisema hakuna hela uliza, "itakuwepo lini na nikifanya nini?" na umuandikie barua pepe jioni hiyohiyo ukimshukuru na kurudia alichosema.

Kutishia na ofa ya pembeni? Nilifanya mara moja. Nikaongezewa, kweli, ila kuanzia siku hiyo klaienti mkubwa akapewa mwingine kwa sababu "wewe uko njiani". Miezi saba baadaye nikaondoka kweli. Ndio maana ile 1,400,000 ya bosi wake niliiweka ya mwisho tangu mwanzo, mtu aliyekuona miaka mitatu kimya akakuona siku ya barua ya kuacha kazi, anakulipa usumbufu wa kutafuta mwingine.

NGO angekuwa hana mtoto mwenye pumu na ana akiba ya miezi mitano ningemwambia aende, na ajiingize kwenye andiko ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Hana akiba. Kwa hiyo tukabaki na benki, lakini kabla ya kusaini nikamtuma na maswali: gredi gani na yuko wapi ndani yake, bima inaingiza wazazi au hapana, bonasi inahesabiwa kwenye msingi au grosi, na bajeti ya mishahara inafungwa mwezi gani.

Kajibiwa juzi. Yuko chini kabisa ya gredi, bima ni mwenza na watoto wanne bila wazazi, bonasi ni ya msingi, bajeti inafungwa Septemba. Kasaini jana. Nimemwambia aweke alamu kwenye simu, Juni tarehe moja, afungue daftari.